GARI LA MGENI MPAKANI NI AMANA YENYE TAREHE

Kwa miaka mingi barabara zitokazo katika mipaka yetu zimekuwa zikipitiwa na magari ya namna ya pekee. Si malori ya mizigo, wala si mabasi ya abiria, wala si magari ya wafanyabiashara. Ni magari ambayo ndani yake mna kitanda, jiko, tangi la maji na kabati la nguo, na juu ya paa mara nyingine pana hema la kukunjwa. Mwenyewe hulala humo na hupika humo, akavuka nchi baada ya nchi pasipo kupanga chumba hotelini. Watu wengine huyaita magari hayo karavani, ingawa karavani hasa ni ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari jingine. Katika mazungumzo haya tutayaita magari-nyumba.

Magari-nyumba hayo hutoka Kenya na Uganda, hutoka Afrika ya Kusini kwa kupitia Zambia au Malawi, na mengine hushushwa melini yakitoka Ulaya. Hutuingilia kwa Namanga, Holili, Sirari na Horohoro. Kwa Mutukula na Rusumo. Na kwa Tunduma na Kasumulu. Askari aliyesimama kizuizini kati ya Namanga na Arusha, au kati ya Tunduma na Mbeya, huliona gari kama hilo na kujiuliza swali la haki kabisa: mali hii yenye thamani ya mamilioni ya shilingi, yenye namba za nchi nyingine, imeingiaje humu bila kulipiwa ushuru? Je, haya si magendo? Na kama si magendo, kwa nini mwananchi wa Moshi anayeagiza gari lake bandarini alipe, naye mgeni huyu apite?

Swali hilo lastahili jibu kamili, kwa sababu askari asiyelijua jibu lake anaweza kukosea kwa njia mbili. Anaweza kumsumbua msafiri mwaminifu na kuichafua sifa ya nchi yetu mbele ya majirani. Au anaweza kumpungia mkono mlanguzi aliyejivika joho la utalii, na hazina ya taifa ikapoteza fedha ambazo zingejenga zahanati. Makosa yote mawili hutokana na kutoifahamu hati iliyo mkononi mwa dereva.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba sheria za forodha hutofautisha mambo mawili ambayo kwa macho hufanana. Kuna gari linaloingizwa nchini, na kuna gari linalopita nchini. Gari lililoingizwa limekuja kukaa. Litasajiliwa, litapewa namba za hapa, litatumika na kuuzwa kama mali yoyote ya humu. Hilo hapana budi lilipiwe ushuru wote. Gari linalopita limekuja pamoja na mgeni na litaondoka pamoja na mgeni. Hilo huruhusiwa kwa muda, na ushuru wake haudaiwi maadamu masharti yake yanatimizwa. Haukufutwa; umesimamishwa tu. Siku masharti yatakapovunjwa, ushuru ule husimama tena na kudaiwa wote.

Tupige hesabu ili tuone ni fedha kiasi gani zinazosimamishwa. Tuchukue, kwa mfano tu, gari-nyumba lenye injini kubwa ambalo forodha imelithamini kuwa shilingi 40,000,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni shilingi 10,000,000. Jumla sasa ni 50,000,000. Juu ya hizo huwekwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, yaani shilingi 5,000,000, na jumla ikawa 55,000,000. Juu ya hizo zote huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, yaani shilingi 9,900,000. Ukijumlisha kodi zote tatu utapata shilingi 24,900,000, kabla ya tozo nyingine ndogo, na kabla ya ule ushuru wa ziada unaoyapata magari yaliyozeeka. Hiyo ni zaidi ya nusu ya thamani ya gari lenyewe. Ndiyo maana walanguzi hutamani sana gari lililoingia kwa muda ligeuke kimyakimya kuwa gari la kukaa.

Sasa serikali inapata wapi hakika kwamba mgeni ataliondoa gari lake? Haiwezi kutegemea uso wa mtu wala maneno yake. Kwa sababu hiyo mataifa yalikubaliana juu ya utaratibu mmoja, katika mkataba uliotiwa saini mjini New York mwezi Juni mwaka 1954, unaohusu magari ya watu binafsi yanayoingia nchi nyingine kwa muda. Magari ya biashara yaliwekewa mkataba wake mbali, uliotiwa saini Geneva mwaka 1956. Tofauti hiyo tuikumbuke, kwani tutairudia.

Utaratibu wa mkataba wa 1954 umejengwa juu ya daftari moja la forodha ambalo madereva huliita karneti. Daftari hilo halitolewi na serikali, bali hutolewa na chama cha wenye magari cha nchi anakotoka msafiri, chini ya utaratibu wa shirikisho la kimataifa la vyama hivyo liitwalo FIA. Kabla ya kulitoa, chama humtaka msafiri aweke dhamana: fedha taslimu, au ahadi ya benki, au bima. Kiasi cha dhamana hutegemea thamani ya gari na nchi zitakazopitiwa, na kwa nchi zenye ushuru mkubwa sana kiasi hicho kinaweza kuzidi hata bei ya gari. Basi gari lile ambalo askari huliona likipita bure, kwa hakika limekwisha kuwekewa rehani kabla halijaanza safari.

Daftari lenyewe lina jalada na kurasa kadhaa. Katika jalada na katika kila ukurasa yameandikwa maelezo ya gari: namba za usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, aina, rangi, thamani, na jina la mwenye daftari. Uhai wake hauzidi mwaka mmoja. Kila ukurasa umegawanyika katika vipande vitatu. Gari linapoingia nchini, ofisa wa forodha hugonga mihuri, hukichana kipande cha kuingilia na kukiweka ofisini kwake. Gari linapotoka, ofisa wa kituo cha kutokea hugonga mihuri tena, naye hukichana kipande cha kutokea na kukiweka. Kipande cha tatu hubaki ndani ya daftari, kikiwa na mihuri miwili, mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka. Hicho ndicho ushahidi wa msafiri.

Forodha huvilinganisha vipande viwili ilivyobaki navyo. Kipande cha kuingilia kisipopata mwenzake wa kutokea, maana yake ni moja tu mbele ya sheria: gari halijatoka. Hapo forodha haimtafuti mgeni ambaye pengine yuko ng'ambo ya bahari. Humwandikia mdhamini, naye mdhamini asipoonyesha ushahidi kwamba gari lilitoka, hulipa. Kisha chama kilichotoa daftari humkamua msafiri kutoka katika dhamana yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali ina daftari, na daftari lina mihuri. Ukikosekana muhuri mmoja tu, mtu mwaminifu anaweza kulipishwa mamilioni kwa gari ambalo limeegeshwa nyumbani kwake.

Si kila msafiri ana karneti. Wako wanaoingia kwa kibali cha muda kinachotolewa na forodha palepale mpakani. Kibali hicho hueleza gari, mwenye gari na tarehe ya mwisho, na msafiri akitaka siku zaidi hana budi kuomba kabla siku zake hazijakwisha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania na kwa majirani wenzetu wa jumuiya, imeweka kikomo cha miezi kumi na miwili kwa mali iliyoingia kwa muda bila ushuru. Baada ya hapo mali hiyo itolewe nje au ilipiwe. Anayekaidi ametenda kosa, na gari lake linaweza kutaifishwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: hata wazee wetu hawakumnyima mgeni chakula, lakini walizihesabu siku zake.

Pengine msikilizaji atauliza: je, gari la Mkenya nalo linahitaji kibali, na hali Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza tarehe 1 Januari 2005? Ndiyo, linahitaji. Umoja wa forodha umeweka ushuru mmoja kwa bidhaa zitokazo nje ya jumuiya, lakini usajili wa magari, leseni zake na kodi za ndani zimebaki kuwa mali ya kila nchi. Gari lililolipiwa Mombasa limelipiwa Kenya. Likija kwetu kutembea, huja kwa muda. Likija kukaa, hufuata taratibu za hapa. Nasi tukienda kwao hufanyiwa vivyo hivyo.

Kila jirani ana masharti yake pia, na ni vizuri askari ayajue. Kenya haisajili gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, wala haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto. Uganda ilizuia mwaka 2018 kuingizwa kwa magari yenye umri wa miaka kumi na mitano au zaidi. Kwa hiyo gari-nyumba la zamani kutoka Ulaya, lenye usukani wa kushoto, linaweza kupita Kenya kama mgeni lakini haliwezi kuwa mwenyeji huko. Ni dhahiri kwamba gari la namna hiyo, ambalo mwenyewe amechoka nalo na mlango mmoja umekwisha kufungwa, litatafutiwa mnunuzi penye mlango ulio wazi. Askari wa upande wetu hana budi kulitazama kwa makini zaidi.

Huko Rusumo pana jambo jingine. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha magari kwa mkono wa kulia, nasi, pamoja na Kenya, Uganda, Zambia na Malawi, huendesha kwa mkono wa kushoto. Dereva aliyevuka daraja la Rusumo asubuhi anaweza kujisahau jioni akiwa peke yake barabarani, hasa akiendesha gari pana lenye usukani wa upande asiouzoea. Hilo si suala la forodha, lakini askari wa usalama barabarani akilikumbuka anaweza kuokoa maisha.

Kuna pia bima. Katika nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika hutumika kadi ya njano ya COMESA, iliyoanza kutumika mwaka 1987. Kadi hiyo humlinda mtu wa tatu, yaani mwananchi atakayegongwa, hata kama gari ni la nchi nyingine. Tanzania ilijitoa katika COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki katika mpango huo wa bima. Askari anayeuliza kadi ya njano hamsumbui mgeni. Anamlinda mkulima anayekwenda shamba kwa baiskeli.

Umuhimu wa hati hizi hauonekani vizuri mpaka tukumbuke yaliyotupata sisi na jirani zetu wa kaskazini. Zamani gari la Nairobi lilipofika Arusha halikuwa jambo la ajabu. Hata herufi za utambulisho zilizobandikwa nyuma ya magari yetu, EAK kwa Kenya, EAU kwa Uganda na EAT kwa Tanzania bara, zilibeba jina la Afrika ya Mashariki moja. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika, na mwezi Februari Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Magari ya utalii yenye namba za Kenya yaliyokuwa upande wetu yalizuiliwa, pamoja na ndege ndogo. Jumuiya nayo ikafa mwaka huohuo. Kila upande ulikuwa na madai yake juu ya mali ya pamoja, na gari la mtalii likajikuta limekuwa sehemu ya ugomvi wa mataifa.

Mpaka ule ulikaa umefungwa mpaka Novemba 1983, na mapatano ya kugawana mali na madeni ya jumuiya yalitiwa saini Arusha mwezi Mei 1984. Hata hivyo si kila mlango ulifunguliwa tena. Njia ya Bologonja, iunganishayo mbuga ya Serengeti na ile ya Maasai Mara, haikurudishwa kuwa njia ya kawaida ya watalii. Nchi hizi mbili zilifanya mapatano ya utalii mwaka 1985, ambamo magari ya makampuni ya utalii yaliwekewa vituo vya kubadilishana wageni. Hapo ndipo ile tofauti ya gari binafsi na gari la biashara inapohusika. Familia inayotembea kwa gari-nyumba lake ni mgeni mmoja. Kampuni inayowalipisha watu nauli kuwatembeza mbugani inafanya biashara, na biashara ina leseni zake.

Tofauti hiyo ilipoachwa bila kusimamiwa kwa maelewano, ugomvi ulirudi. Mnamo Desemba 2014 Kenya iliyazuia magari ya utalii yenye namba za Tanzania kuchukua na kushusha wageni katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta. Zuio hilo liliondolewa mwezi Machi 2015 baada ya marais wa nchi hizi mbili kukutana. Miezi hiyo michache ilitosha kuwatia hasara madereva na wenye hoteli. Funzo lake ni kwamba namba za gari zinaweza kuwagombanisha ndugu haraka sana, na mapatano yaliyoandikwa na kutekelezwa mpakani ndiyo yanayozuia.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Katika vituo vya pamoja vya mpakani, kama kile cha Namanga kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018 na kile cha Tunduma na Nakonde cha mwaka 2019, msafiri husimama mara moja tu, upande ule anaoingia, na humo huwakuta maofisa wa nchi zote mbili. Utaratibu huo umepunguza foleni. Lakini umeleta hatari ndogo ambayo haikuwapo zamani. Mgeni akiliona paa moja hudhani kwamba muhuri ni mmoja. Akigongewa wa kuingia, akasahau wa kutoka nchi aliyoiacha, ameondoka akiwa na deni asilolijua. Neno moja la askari wa getini, "Je, umepata mihuri yote miwili?", lina thamani kubwa kwa mtu huyo.

Kwa upande wa Tunduma kuna jambo la nyongeza. Gari litokalo Afrika ya Kusini linaweza kuonyesha kurasa chache kuliko idadi ya nchi lilizopita. Hiyo peke yake si dalili ya udanganyifu. Afrika ya Kusini, Namibia, Botswana, Lesotho na Eswatini zimo katika umoja mmoja wa forodha, na kwa ajili ya daftari hilo huhesabiwa kuwa eneo moja.

Ndugu askari, baada ya maelezo hayo kazi ya kizuizini inakuwa nyepesi. Liko jambo la namba: namba ya chesisi iliyopigwa katika chuma ilingane na ile iliyo katika hati. Namba za usajili hubandikwa kwa dakika tano, chesisi haibanduki. Liko jambo la tarehe: tazama siku ya kuingia na siku ya mwisho. Na liko jambo la mtu: gari lililoingia kwa jina la mgeni na sasa linaendeshwa na mkazi wa hapa, tena mwenye gari hayupo, lazima litolewe maelezo. Chini ya mkataba wa 1954 gari la muda halikodishwi, haliuzwi, wala haligawiwi kama zawadi. Mgeni aliyeondoka kwa ndege na kuliacha gari uani kwa rafiki amefungua mlango ambao walanguzi wanaufahamu vizuri.

Kuna pia magari ya wizi. Gari-nyumba lina mapango mengi ya kufichia vitu, na linaweza lenyewe kuwa limeibwa mbali. Kwa hiyo ukaguzi wa usalama ni haki ya nchi na wajibu wa vyombo vyake. Polisi wa kanda zetu hawako peke yao katika hilo. Umoja wa wakuu wa polisi wa kusini mwa Afrika uliundwa mwaka 1995, na ule wa mashariki mwa Afrika mwaka 1998, na wizi wa magari ni miongoni mwa mambo yaliyowakutanisha. Aidha Interpol ina kumbukumbu za magari yaliyoibwa ambazo polisi wa nchi wanachama wanaweza kuziuliza. Namba ya chesisi iliyoandikwa kwa usahihi ndiyo ufunguo wa kumbukumbu hizo.

Lakini ipo kazi nyingine ya askari ambayo wengi hawaidhanii kuwa inahusu forodha, nayo ni kuandika. Gari la mgeni likipinduka na kuharibika kabisa, mkataba haulazimishi mabaki yale yaburutwe hadi mpakani. Mwenyewe anaweza kulipa ushuru wake, au kuiachia serikali bila malipo, au yakaharibiwa mbele ya maofisa. Sharti ni kwamba ajali ithibitishwe, na anayeithibitisha kwanza ni askari aliyefika pale. Taarifa isiyo na tarehe, isiyo na namba ya chesisi, humwangusha mtu ambaye ajali ilikwisha kumwangusha mara moja. Vivyo hivyo, gari likikamatwa na dola kwa ajili ya uchunguzi au kuwa kielelezo mahakamani, zile siku za kulitoa nchini husimama kwa muda wote lililoshikiliwa. Mgeni hahesabiwi siku ambazo funguo zilikuwa kituoni. Lakini ataonyeshaje hayo kama hakupewa karatasi ya kukamatwa yenye tarehe, na karatasi ya kuachiliwa yenye tarehe?

Karatasi hizo mbili hulilinda pia jeshi letu la polisi na jina la nchi. Gari lililoshikiliwa bila maandishi huzaa uvumi kwamba lilishikiliwa kwa sababu nyingine. Na mtu anayevuka mipaka kumi huyasimulia aliyotendewa katika kila mpaka.

Wako pia wananchi wetu waliokaa ng'ambo wanaotaka kurudi na gari. Hao hawamo katika kundi la wageni. Sheria ya forodha ya jumuiya huwasamehe ushuru wa forodha wa gari moja, likiwa wamelimiliki na kulitumia huko nje kwa muda usiopungua miezi kumi na miwili, pamoja na masharti mengine. Anayetaka msamaha huo aombe kwa jina lake hasa. Asiingie kwa kibali cha utalii akitumaini kwamba siku zikipita watu watasahau, kwani kipande kilichochanwa mpakani hakisahau.

Ndugu msikilizaji, mgeni anayepita na gari-nyumba lake hutununulia mafuta, chakula na matunda kando ya barabara, hulipa viingilio vya hifadhi, kisha akaenda zake. Nchi yetu imemwamini kwa ushuru wa mamilioni kwa muda uliowekwa, naye ametuwekea dhamana. Hiyo ni amana baina ya pande mbili. Upande wake ni kuliondoa gari kabla ya tarehe. Upande wetu ni kuisoma hati yake sawasawa, kumkamata anayeivunja, na kumpa anayeitimiza muhuri wake wa kutokea bila kumdai kitu kisichokuwa katika sheria. Siku moja dereva wetu wa Arusha au wa Mbeya atasimama mbele ya askari wa nchi jirani akiwa na hati kama hiyo mkononi, naye atatarajia kusomewa vivyo hivyo.